Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kusoma Lebo ya Soseji za Pakiti na Kujua Unakula Nini

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu anashika pakiti mbili za soseji, anatazama kalori, anachukua yenye namba ndogo na kuondoka akiwa na amani. Hakuona kwamba pakiti moja imeandika kalori za kipande kimoja na nyingine imeandika za gramu 100. Mwingine anasoma sodiamu akidhani ni chumvi. Wa tatu hakugeuza pakiti kabisa. Picha ya kuku mbele ilimtosha.

Nimeeleza jambo hili kwa mdomo mara nyingi mno, na bado watu wananiletea picha za lebo wakiuliza, "Hii ni nzuri?" Basi hapa kuna hatua zote, moja baada ya nyingine. Kazi nzima ni robo saa mara ya kwanza. Ukizoea, dakika mbili zinatosha.

Nikutahadharishe mapema: kalori hatuzitumii kuchagua. Katika soseji, hiyo ndiyo namba inayopoteza watu zaidi, na utaona sababu tukifika kwenye hesabu.

## Vitu vya kuandaa

- Pakiti mbili za soseji za aina tofauti. Moja haitoshi, kwa sababu namba ya lebo haikwambii kitu mpaka uwe na nyingine ya kuilinganisha nayo.
- Mizani ya jikoni inayopima kwa gramu.
- Simu, kwa ajili ya kikokotoo na kamera. Maandishi ya nyuma ya pakiti ni madogo kama sisimizi. Yapige picha kisha uyakuze.
- Karatasi na kalamu. Chora safu mbili, A na B.
- Kikaango kisichoshika chakula. Hiki utakihitaji hatua ya mwisho tu.

Kama ulishahamishia soseji kwenye mfuko mwingine na pakiti ukaitupa, subiri mpaka ununue tena. Usichukue namba za "soseji ya kawaida" kutoka kwingine. Kuna soseji zenye mafuta gramu 10 katika kila gramu 100, na kuna zinazokaribia 30. Zote huitwa soseji.

Katika mwongozo huu nitatumia pakiti mbili za mfano. Namba zake nimezitunga, ila ni za kiwango utakachokutana nacho.

Pakiti A, soseji za ng'ombe. Jedwali ni la kipande kimoja cha gramu 45: kalori 118, protini gramu 4.5, mafuta gramu 10.4, ambamo yaliyojaa ni gramu 3.8, wanga gramu 1.6, sodiamu miligramu 410.

Pakiti B, soseji za kuku. Jedwali ni la gramu 100: kalori 201, protini gramu 11.5, mafuta gramu 13, ambamo yaliyojaa ni gramu 4, wanga gramu 9.5, chumvi gramu 1.9. Kipande kimoja kina gramu 60.

Ukizitazama hivi hivi, A ina kalori 118 na B ina 201. Macho yanasema A ni nyepesi. Tuendelee.

## Hatua ya 1: Namba zote ziwe za gramu 100

Tafuta juu ya jedwali maneno yanayotaja kipimo. Mara nyingi kuna safu mbili: moja ya gramu 100, nyingine ya kipande au ya mlo mmoja. Ikiwapo ya gramu 100, nakili hiyo na uiache nyingine.

Ikiwa ipo ya kipande peke yake, chukua kila namba, gawanya kwa uzito wa kipande, kisha zidisha kwa 100. Kwa pakiti A, mafuta ni 10.4 gawanya kwa 45 mara 100, sawa na 23.1. Ukimaliza yote, A inasomeka hivi kwa gramu 100: kalori 262, protini 10, mafuta 23.1, yaliyojaa 8.4, wanga 3.6, sodiamu miligramu 911.

Ile "nyepesi" sasa ina kalori 262 dhidi ya 201 za B, na mafuta yake yanakaribia kuwa mara mbili.

Kwa nini tunafanya hivi: ukubwa wa kipande huamuliwa na kiwanda. Soseji nyembamba itaonekana na mafuta machache kwa kila kipande hata kama ni mafuta matupu.

Angalia sana: pima vipande vitatu kwenye mizani na uchukue wastani. Usishangae ukikuta vina gramu 48 badala ya 45. Angalia pia kama jedwali ni la soseji kama ilivyo ndani ya pakiti au ni la iliyokwisha kupikwa. Soseji mbichi hupoteza maji ikipikwa, hivyo gramu 100 za iliyopikwa hubeba mafuta, protini na chumvi nyingi kuliko gramu 100 za mbichi, ilhali soseji ni ile ile. Usilinganishe mbichi na iliyopikwa.

Umefaulu ikiwa: karatasi yako ina safu mbili zenye namba za kipimo kimoja, bila nafasi tupu.

## Hatua ya 2: Tumia kalori kuhakiki hesabu

Kalori zinafaa hapa. Gramu moja ya protini hutoa kalori 4, ya wanga 4, ya mafuta 9. Zidisha, jumlisha, kisha linganisha na kalori zilizoandikwa.

Pakiti A: protini 10 mara 4 ni 40. Mafuta 23.1 mara 9 ni 208. Wanga 3.6 mara 4 ni 14. Jumla 262. Imelingana.

Pakiti B: 46 na 117 na 38, jumla 201. Nayo imelingana.

Kupishana kwa kalori chache si tatizo. Lebo hukadiria na kukata desimali. Lakini jumla yako ikipishana na ya pakiti kwa 50 au zaidi, rudi nyuma. Mara nyingi utakuta umechukua namba moja kutoka safu ya kipande na nyingine kutoka safu ya gramu 100. Ikiwa namba ya pakiti ni kama mara nne ya yako, umesoma kilojuli, kipimo kingine cha nishati. Gawanya kwa 4.2 upate kalori.

## Hatua ya 3: Geuza sodiamu iwe chumvi

Lebo nyingine huandika chumvi, nyingine huandika sodiamu. Sodiamu ni sehemu tu ya chumvi, asilimia 40 hivi, kwa hiyo huwezi kuziweka kwenye mstari mmoja kabla ya kuigeuza.

Kanuni: sodiamu mara 2.5 ni chumvi. Miligramu 911 za pakiti A mara 2.5 ni miligramu 2,278, yaani gramu 2.3 za chumvi katika gramu 100. Pakiti B imeandika chumvi moja kwa moja, gramu 1.9.

Hapa niliwahi kuumbuka. Mama mkubwa wangu ana presha, nikamchagulia soseji iliyoandikwa 0.9 nikaacha zilizoandikwa 1.8. Nilijisifu njia nzima. Miwani ilipopatikana, 0.9 ile ilikuwa sodiamu kwa gramu, na 1.8 za wenzake zilikuwa chumvi. Nilimpelekea mgonjwa pakiti yenye chumvi nyingi kuliko zote, na kwa mkono wangu.

Sasa pima uzito wa namba hizo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Vipande viwili vya pakiti A ni sodiamu miligramu 820, sawa na chumvi gramu 2.05, asilimia 41 ya siku nzima. Kalori za vipande hivyo viwili ni 236, yaani asilimia 12 tu ya kalori 2,000 za siku.

Ndiyo maana nilisema kalori hupoteza watu. Kwa kalori, vipande viwili ni kitafunio. Kwa chumvi, umeshamaliza karibu nusu ya siku, na hujagusa chakula kingine.

Kwa watoto mambo ni makali zaidi. Uingereza huwashauri wazazi wasizidishe gramu 2 za chumvi kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3, na gramu 3 kwa wa miaka 4 hadi 6. Vipande viwili vya A vimemaliza siku ya mtoto wa miaka miwili.

Umefaulu ikiwa: umeandika chumvi ya gramu 100 na chumvi ya kipande. Zote mbili, kwa sababu kipande cha B, kwa kuwa ni kikubwa, kina chumvi gramu 1.14, wakati cha A kina 1.03. Kwa gramu 100 B ni nafuu. Kwa kipande imezidi. Anayehesabu vipande na alijue hilo.

## Hatua ya 4: Tenganisha mafuta, protini na maji

Anza na mafuta yaliyojaa, yale yanayoganda yakipoa. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni kama gramu 22. Vipande viwili vya A vina gramu 7.6, zaidi kidogo ya theluthi ya kiwango hicho.

Ukitaka mpaka wa haraka dukani, azima rangi zinazotumika kwenye lebo za Uingereza. Chakula huwekwa rangi nyekundu ikiwa gramu 100 zake zina mafuta zaidi ya gramu 17.5, mafuta yaliyojaa zaidi ya gramu 5, au chumvi zaidi ya gramu 1.5. Pakiti A ni nyekundu kwa yote matatu. Pakiti B imepona kwenye mafuta, lakini kwenye chumvi nayo ni nyekundu. Soseji nyingi utakazopima zitaangukia hapo, maana chumvi haimo kwa ajili ya ladha peke yake. Ndiyo inayoifanya protini ya nyama ilegee, ishike maji na mafuta, na kufanya soseji iwe kitu kimoja kinachokatika vizuri badala ya kuwa makombo.

Sasa linganisha protini na mafuta. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa hakihitaji kikokotoo. Protini ikizidi mafuta, umepata soseji adimu. Zikikaribiana, ni nzuri kwa aina yake. Mafuta yakiwa mara mbili ya protini au zaidi, kama pakiti A, umenunua mafuta yaliyotiwa nyama. Marekani, soseji aina ya frankfurter inaruhusiwa kisheria kufika asilimia 30 ya mafuta, kwa hiyo usidhani pakiti kama hiyo imekosewa.

Mwisho, tafuta maji. Lebo haiandiki maji kwenye jedwali, lakini huwezi kufichwa kitu unachoweza kukitoa kwa hesabu. Chukua 100, toa protini, mafuta, wanga na chumvi. Kinachobaki karibu chote ni maji. Pakiti A: 61. Pakiti B: 64.

Maji hayo si yote yaliyomiminwa. Nyama yenyewe ni maji kwa sehemu kubwa. Ili ukadirie nyama, zidisha protini mara tano, kwa sababu nyama mbichi isiyo na mafuta ina protini kama gramu 20 kwa gramu 100. Pakiti A ina protini 10, hivyo nyama isiyo na mafuta ni kama gramu 50. Ongeza mafuta 23, unafika 73. Zilizobaki 27 ni wanga, chumvi na, kwa sehemu kubwa, maji au barafu iliyoongezwa wakati wa kusaga.

Angalia sana: makadirio hayo ni dari, si sakafu. Ngozi na kano zina protini pia, na soya huongeza protini bila kuongeza nyama. Kabla hujasherehekea protini 11.5 za pakiti B, nenda hatua ya 5.

Umefaulu ikiwa: unaweza kumwambia mtu kwa sentensi moja, "Nusu ya soseji hii ni nyama, robo ni mafuta, zilizobaki ni maji na vinginevyo."

## Hatua ya 5: Soma orodha ya viambato

Jedwali linakwambia kiasi. Orodha inakwambia kimetoka wapi. Hapa usiharakishe.

Mpangilio. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kizito zaidi wakati wa kuchanganya. Kama maji ni ya pili, basi hakuna kitu kingine baada ya nyama kinachoyazidi. Kama la kwanza si nyama, rudisha pakiti.

Jina la nyama. "Nyama ya kuku" na "nyama ya kuku iliyotenganishwa kwa mashine" ni vitu viwili. Ya pili hupatikana kwa kukandamiza mifupa yenye masalia ya nyama kwenye chujio mpaka itoke kama uji mzito. Si sumu, na huwa na kalsiamu zaidi kwa sababu ya chembe za mfupa, lakini si mnofu. Katika Umoja wa Ulaya lazima iandikwe peke yake, na hairuhusiwi kuhesabiwa kwenye asilimia ya nyama. Ukikuta asilimia imeandikwa pembeni ya nyama, ilinganishe na makadirio yako ya mara tano. Zikitofautiana sana, sababu iko mahali fulani katika orodha hiyo hiyo.

Chumvi kama mpaka. Hii ni mbinu ambayo ningependa kila mtu aijue. Tafuta neno chumvi katika orodha. Kwa kuwa tayari unajua chumvi ni gramu 2 hivi katika gramu 100, kila kilichoandikwa baada yake ni kidogo kuliko hapo. Pakiti imeandika kwa maandishi makubwa "zenye jibini na mimea yenye harufu nzuri", halafu jibini imekaa nyuma ya chumvi? Umelipia picha ya jibini.

Vijazio. Wanga wa mahindi, wanga wa viazi, unga wa ngano, makombo ya mkate, protini ya soya. Kazi yake ni kushika maji na kupunguza gharama ya nyama. Pakiti B ina wanga 9.5, na kuku hana wanga wa kufika hapo. Kwa hiyo karibu kumi katika kila mia ni unga. Ikiwa orodha ina soya vilevile, zile protini 11.5 si za kuku zote, na makadirio ya gramu 57 za nyama lazima uyapunguze.

Namba zenye herufi E. Usizikimbie zote wala usizikubali zote. Kwenye soseji utakutana na hizi zaidi:

E250 ni sodiamu nitraiti. Ndiyo inayoipa soseji rangi ya waridi isiyopotea hata ikipikwa, na ndiyo inayozuia bakteria wa botulinamu, wanaotoa sumu kali kwenye chakula. Jina la ugonjwa wa bakteria hao limetoka kwenye neno la Kilatini la soseji, kwa hiyo nitraiti haikuwekwa kwa mapambo. Upande wa pili, nitraiti ikikutana na protini katika joto kali inaweza kuunda nitrosamini, kemikali zinazohusishwa na saratani.

E300, E301 na E316 ni vitamini C na jamaa zake. Huwekwa pamoja na nitraiti na husaidia kupunguza nitrosamini. Kuziona karibu na E250 ni habari njema.

E450, E451 na E452 ni fosfeti. Hushika maji. Mwenye figo zisizofanya kazi vizuri azitazame kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

E621 ni kikoleza ladha kilichozoeleka. Kina sodiamu, lakini sodiamu yake huwa imeshahesabiwa kwenye jedwali. E120 ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu. Nakutajia kwa sababu kuna watu hawatumii vitu vya wadudu.

Ganda. Soseji ya kuku inaweza kuvikwa utumbo au kolajeni ya mnyama mwingine. Anayejiepusha na nyama fulani kwa dini au kwa sababu nyingine asome mpaka neno la mwisho. Na ganda la plastiki humenywa. Najua unajua, lakini si kila mgeni wako anajua.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuonyesha kwa kidole wanga umetoka wapi, protini imetoka wapi, na kama nitraiti ipo.

## Hatua ya 6: Rudi mbele ya pakiti

Sasa ndipo usome maneno makubwa. Ukiyasoma kabla ya hapo yanakuteka.

"Mafuta pungufu" maana yake ni pungufu kuliko kitu kingine. Mafuta yakitolewa, nafasi yake lazima ijazwe, na mara nyingi hujazwa maji na wanga. Angalia safu ya chumvi kabla hujafurahi.

"Chumvi pungufu" wakati mwingine ina kloridi ya potasiamu badala ya sehemu ya chumvi. Kwa wengi ni sawa. Kwa mwenye maradhi ya figo, au anayetumia dawa zinazopandisha potasiamu, ni hatari. Amuulize daktari wake.

"Bila nitraiti iliyoongezwa" inahitaji jicho kali. Geuza pakiti utafute unga au dondoo ya figili (celery). Mmea huo una nitreti kwa asili, na bakteria huibadilisha kuwa nitraiti. Kemikali ni ile ile, imepita mlango wa nyuma.

"Protini nyingi" umeshaipima mwenyewe. "Chanzo cha vitamini B12 na madini ya zinki" ni kweli kwa nyama nyingi, na haifuti chumvi.

## Hatua ya 7: Hesabu kilicho kwenye sahani

Lebo inaishia kwenye pakiti. Wewe unakula kutoka kwenye kikaango.

Weka vipande viwili kwenye kikaango kisichoshika bila mafuta, moto wa wastani, ongeza vijiko vitatu vya maji na ufunike. Maji yakikauka, funua uvigeuze mpaka vipate rangi ya kahawia. Sasa tazama chini ya kikaango: kuna tone au mawili yanayong'aa, na yakipoa yataganda yakawa meupe. Ni machache kuliko ulivyotarajia. Katika soseji laini iliyosagwa mpaka ikawa kama krimu, mafuta yamenaswa na protini, hayatoki kwa urahisi. Wanaosema "nachemsha ili mafuta yatoke" wanachemsha bure.

Mafuta ya kukaangia ndiyo unayoweza kuyazuia. Kijiko kimoja cha mezani kina gramu kama 14 na kalori 120 hivi, zaidi ya kipande kizima cha pakiti A. Si yote yanayoingia kwenye soseji, ila usijidanganye kwamba hayaingii.

Angalia sana: soseji za kuku zifike nyuzi joto 74 katikati, za ng'ombe au nguruwe zilizo mbichi, nyuzi 71. Hata zilizoandikwa kwamba zimekwisha kupikwa, mjamzito azipashe mpaka zifuke mvuke, kwa sababu ya bakteria wa listeria wanaoweza kukua hata kwenye friji. Usiziunguze mpaka ziwe nyeusi, kumbuka nitrosamini. Na kwa mtoto mdogo, kata soseji kwa urefu kabla ya kuikatakata. Vipande vya duara huziba koo.

Baada ya hapo andika sahani yako halisi: vipande vingapi, mchuzi wa nyanya wa chupa kiasi gani, mkate au kitu gani pembeni. Vyote viwili hivyo mara nyingi vina chumvi yake. Watu wengi hukamilisha hesabu ya soseji vizuri, kisha wanamiminia chumvi nyingine kutoka kwenye chupa bila kuiona.

Umefaulu ikiwa: una namba tatu za mlo wako, yaani chumvi, mafuta yaliyojaa na protini, na unajua zimekula sehemu gani ya siku.

## Zile pakiti mbili, tununue ipi?

Ningechukua B kwa sababu ya mafuta, huku nikijua nalipia unga kidogo, na ningekula kipande kimoja kwa sababu ya chumvi. Mwenye kujiepusha na ngano au soya asome kwanza orodha ya B. Akivikuta humo, hana hiari, ataiacha. Zote mbili hazina nyuzinyuzi za maana, kwa hiyo nusu ya sahani iwe mboga.

Kuhusu mara ngapi kwa wiki, kuna jambo moja lisilozungukwa. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwamo, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Kila gramu 50 zinazoliwa kila siku zilihusishwa na ongezeko la asilimia 18 la hatari ya saratani ya utumbo mpana. Kundi la kwanza linaeleza uhakika wa ushahidi. Halisemi soseji ina ukali sawa na sigara. Asilimia 18 nayo ni ya hatari uliyokuwa nayo tangu awali, si kwamba watu 18 katika 100 wataugua. Hata hivyo, tazama kipande cha pakiti A: gramu 45. Kipande kimoja kila asubuhi kinakaribia kabisa kipimo hicho. Mimi nazila siku moja kwa wiki, na siku hiyo sizihesabu kama mboga ya haraka bali kama kitu cha hamu.

Karatasi yako usiitupe. Andika tarehe juu yake na uiweke ndani ya mlango wa kabati. Viwanda hubadilisha mchanganyiko bila kubadilisha picha ya mbele, kwa hiyo kila baada ya miezi michache pitisha macho kwenye sodiamu, mafuta na viambato vitatu vya kwanza. Kimoja kikiwa kimesogea, rudia kuanzia hatua ya 1.